Tulivyochagua viwanja vya safari, Mama akiwa kiti cha mbele



Sisi ni mawifi wawili. Mmoja kazaliwa na Mama, mwengine kaolewa na mtoto wake wa kiume, na sote tunamwita Mama, kwa hivyo mkikutana na jina hilo humu msihangaike kuuliza ni mama wa nani. Tunaishi Minnesota, Marekani, na tulijuana huku huku kabla hatujawa ndugu. Kilichotukutanisha ni mchezo, na leo ndio tunataka kuuzungumza. Kila mtu akisikia tumesafiri siku saba tukicheza kiwanja hiki na kile, swali lake la kwanza ni hili: mnajuaje mcheze kipi na mkiache kipi?

Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe ni diski gofu, gofu ya visahani. Unarusha kisahani cha plastiki kutoka sehemu ya kuanzia, unakifuata kilipoangukia, unarusha tena kutoka hapo, mpaka kiingie kwenye kapu la chuma lenye minyororo inayoning'inia. Makapu kwa kawaida ni 18, wakati mwengine tisa, na mshindi ni aliyerusha mara chache zaidi. Kiwanja cha kwanza cha kudumu kilijengwa California mwaka 1975, Oak Grove Park, na bwana mmoja Ed Headrick, ambaye ndiye pia aliyetengeneza kapu la minyororo. Siku hizi viwanja vimeenea duniani kwa maelfu, na vingi ni bure, ndani ya bustani za umma. Hujiungi na klabu, huvui mtandio, huguswi na mtu. Visahani vitatu vinatosha kuanzia: cha mbali, cha kati na cha karibu.

Sasa safari. Mmoja wetu aliolewa Unguja mwezi wa Oktoba. Mabibi harusi mtaelewa tukisema fungate yake ilikuwa ya siku nne. Siku ya tano Baba mkwe alifariki, Allah amrehemu, na nyumba ikageuka kutoka harusi kuwa msiba, na maua ya mlangoni hata hayajanyauka. Mama akakaa eda yake miezi minne na siku kumi. Alipotoka tukamwombea viza, akaja kwetu Mei. Alikaa dirishani. Alisema nyumba zetu hazina baraza, mtu ataonaje watu? Kwa wiki sita hatukumsikia akilitaja jina la Baba hata mara moja.

Mwezi wa Juni Kaka, ambaye kwa mmoja wetu ni kaka na kwa mwengine ni mume, na humu tutamwita Dereva ili tusigombane, akapewa likizo ya siku saba. Ile ilikuwa iwe fungate iliyocheleweshwa. Lakini kumwacha Mama peke yake katika nyumba isiyo na baraza haikuwezekana, na kumwacha na binti yake akazini mchana kutwa ilikuwa ni yale yale. Tukaamua tuende sote wanne, na kwa kuwa Dereva ni maharimu wetu sote, hilo halikuwa na mjadala. Mashoga zetu walituambia hatuna akili: fungate gani ya kukaa gari moja na mama mkwe na wifi? Usiku wa kuamkia safari mmoja wetu alilia chooni, bomba likiwa wazi ili asisikike. Mwengine alisikia, hakubisha hodi.

Tulikwenda Emporia, Kansas. Kutoka kwetu ni barabara moja tu, ile namba 35, unashuka kusini kupitia Des Moines na Kansas City, karibu kilomita 900. Kwa watu wa mchezo huu Emporia ni mji mdogo wenye jina kubwa. Mashindano ya dunia ya wachezaji wa kulipwa yamefanyika pale 2016 na tena 2022, na mwaka ule wa pili ubingwa wa wanawake ulichukuliwa na Kristin Tattar, binti wa Estonia. Dereva alikuwa akiiota tangu zamani.

Akatuletea orodha kwenye simu: viwanja 14 kwa siku saba. Alikuwa amevipanga kwa nyota. Ile programu ya UDisc inaonyesha viwanja vyote kwenye ramani, na kila kimoja kina nyota walizotoa waliokicheza. Ni programu nzuri, tunaitumia kila wiki. Lakini jiulizeni nyota hizo kazitoa nani. Wengi wao ni vijana wa kiume wenye magoti mazima. Kiwanja kinachowapa raha wao ni kile chenye vilima virefu, msitu mzito, na kapu lililo ng'ambo ya bonde. Nyota haziulizi bibi wa miaka 66 atakaa wapi wakati nyinyi mnapanda. Haziulizi choo kina maji au ni kile cha plastiki kilichosimama juani. Tukamwambia Dereva atupe ile simu, na tukaanza kusoma upya, safari hii tukitazama picha na ramani badala ya nyota.

Tulichotafuta kwanza ni mzunguko. Kuna viwanja ambavyo kapu la kwanza na la mwisho yako mbali na maegesho, na katikati huna njia ya kurudi. Na kuna vingine ambavyo baada ya kapu la tisa unajikuta tena karibu na gari. Hivyo vya pili ndivyo vya kusafiria na mzee. Mama akichoka anapumzika, chupa ya chai ipo, msala upo, na mwenye hamu ya tisa nyengine anaendelea. Hilo peke yake lilifuta viwanja vitano kwenye orodha ya Dereva, pamoja na kimoja alichokuwa amekiwekea alama ya moyo. Hakusema kitu. Alikwenda kuosha gari.

Halafu saa. Hapa ndugu zetu wa visiwani mtashangaa kidogo. Juni huku Magharibi inaingia karibu saa tatu usiku. Si makosa ya uchapaji, saa tatu usiku. Kwa hivyo kati ya Alasiri na Magharibi kuna jioni ndefu ambayo nyumbani hatuijui, na ndiyo saa nzuri kuliko zote ya kucheza, jua limelegea na joto limepungua. Tatizo ni kwamba hata wengine wanaijua. Jioni za mwisho wa wiki viwanja vya mjini hujaa, na baadhi ya makundi huja na makopo yao ya bia. Hawakusumbui, wengi ni watu wa adabu sana na watakuacha upite mbele, lakini Mama hakuja Marekani kuvuta harufu ya pombe. Tukapanga viwanja vya mjini viwe vya asubuhi baada ya kufungua kinywa, na vya nje ya miji viwe vya jioni. Adhuhuri na Alasiri tulizikusanya na kupunguza njiani, kwa ruhusa ya msafiri, na kwa kuwa hatukukaa mji mmoja siku nne kamili bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, kwa madhehebu yetu ya Shafii ruhusa ile iliendelea. Wenu muulizeni masheikh wenu, sisi ni wacheza visahani tu.

La mbwa hatuwezi kuliruka. Bustani za huku mbwa ni wengi kama paka wa Mji Mkongwe. Kuna sehemu sheria inasema lazima wafungwe kamba, na kuna sehemu wanaachiwa wakimbie. Mbwa wa watu ana mapenzi, anakuja mbio anataka kukulamba mkono, na mwenye mbwa anacheka akikwambia hana neno. Kweli hana neno, lakini nguo ya kusalia imeshapata mate, na sasa unatafuta maji mara saba na moja kwa udongo, katikati ya Iowa. Kwa hivyo tulisoma maelezo ya kila bustani: eneo la kuwaachia mbwa liko wapi, na makapu yanapita karibu nalo au la. Na kwenye gari kulikuwa na baibui la akiba kwa kila mmoja wetu.

Maji tulibeba wenyewe. Dumu la lita tano na kopo la Mama, lile lile la plastiki la buluu alilokuja nalo kutoka Unguja ndani ya sanduku, akiamini (kwa haki kabisa) kwamba Marekani hawana.

Mavazi tutayasema kwa haraka, maana mnatuuliza sana. Gauni refu lisilo pana mno, suruali ndani, mtandio wa pamba uliobanwa kwa pini pande zote mbili, kwa sababu ukirusha kisahani bega linazunguka lote na mtandio wa hariri utakuacha. Viatu vya kufunga. Suruali iingizwe ndani ya soksi, hata kama inachekesha, kwa ajili ya kupe: wale wa nyasi za huku wana maradhi, na jioni lazima mjikague mwili mzima. Na kuna mmea wa majani matatu matatu unaowasha kuliko upupu, kisahani kikiingia humo kiacheni. Kinauzwa dola 15 hivi. Ngozi haiuzwi.

Des Moines tulicheza Ewing Park, makapu tisa tu kisha tukaacha. Tuliichagua kwa sababu ndani ya bustani ile kuna sehemu kubwa iliyopandwa mililaki, miti midogo ya maua ya zambarau yanayonukia, na tulidhani Mama atapenda. Maua yalikuwa yameshapita, yale ni ya Mei. Mama alizunguka akinusa majani, akasema yasmini yake ya nyumbani haina mambo ya miadi.

Ni Kansas City ndipo lile la chooni lilipotoka. Usiku wa pili, hotelini, tulikuwa tumekaa wanne kitandani tukitazama kiwanja cha kesho. Tulishachagua chenye kivuli na benchi, karibu na hoteli. Mama alikuwa amenyamaza, anakunja khanga. Kisha akauliza, fungate ni siku ngapi? Hakuna aliyejibu, maana fungate jina lake ndilo hesabu yake, siku saba. Akasema, "Nyinyi mlipewa nne. Mimi nina deni lenu la siku tatu, na mzee hakuniachia deni jengine lolote, basi hili sitaki kufa nalo."

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumtaja.

Akaendelea kama anayegawa samaki. Kesho yeye na binti yake watalala mpaka jua liwe juu, na maharusi waende wakacheze kiwanja chao, wanachokitaka wao, wala wasimpigie simu. Tulijaribu kupinga, sote wawili, kila mmoja kwa sababu yake. Mama alizima taa.

Kwa hivyo asubuhi ile orodha ilipanguliwa tena. Kiwanja cha benchi na kivuli kikaachwa, na Dereva na mkewe wakaenda Rosedale Park, upande wa Kansas City iliyo ndani ya jimbo la Kansas, mahali pa miti mikubwa na mabonde ambapo Mama asingefika hata kapu la pili. Kilichosemwa huko ni cha wenyewe. Waliobaki walilala, wakanywa chai, na mmoja akamsuka mwenzake. Tangu siku ile tulichagua tukijua kuna viwanja vya aina mbili kwenye safari: vya watu wote wanne, na vya deni. Kwa kweli mambo yakawa mepesi. Kabla ya hapo kila kiwanja kilikuwa kinatakiwa kimridhishe kila mtu, na hakuna kiwanja cha namna hiyo duniani.

Sasa Emporia. Kiwanja alichokuwa akikiota Dereva ni cha Jones Park, mmoja wa uwanda uliotumika kwenye mashindano ya dunia ya 2022. Ni pa wazi, na upepo wa Kansas hauna wa kuuzuia. Lakini siku ya kwanza ilikuwa ya watu wote, na kwa ajili hiyo tulichagua Peter Pan Park. Ni bustani ya zamani ndani ya mji, kuna ziwa dogo, miti ya kivuli, makapu 18, na halipwi kitu.

Tulikuwa tumesoma habari zake kabla ya kuja. Emporia ilikuwa na mhariri wa gazeti aliyejulikana Marekani nzima, William Allen White, mwenye gazeti la Emporia Gazette. Mwaka 1921 binti yake Mary, mwenye umri wa miaka 16, alikuwa amepanda farasi, akagonga kichwa kwenye tawi la mti, akafa. Baba yake aliandika makala juu yake katika gazeti lile, siyo ya machozi, ya kueleza tu alivyokuwa mtoto mwenyewe: nywele zake, utundu wake, watu aliowapenda. Makala ile inasomwa mpaka leo. Na familia ikatoa ardhi iwe bustani kwa kumbukumbu yake, ikaitwa jina la Peter Pan, yule mtoto wa hadithi asiyekua.

Tulimsimulia Mama tukiwa benchini, kapu la nne au la tano. Alisikiliza kwa makini. Akauliza, "Na mama yake?"

Tukamwambia jina lake Sallie.

"Alikuwa na mtu wa kukaa naye?"

Hatukuwa na jibu la hilo. Mama akatazama maji. Halafu, bila ya kuulizwa, akaanza kumzungumza Baba. Siyo kufa kwake. Alizungumza jinsi alivyokuwa akila embe akiwa amesimama uani, ameinama mbele ili asichafue kanzu, na jinsi alivyomdanganya miaka 40 kwamba hapendi vitumbua ili yeye ale vingi. Dereva alikuwa amesimama na kisahani mkononi, hakurusha. Watu wawili waliokuwa nyuma yetu tuliwaashiria wapite, wakapita kimya, mmoja akainamisha kofia.

Tulipoendelea alitembea na sisi. Huyu ni mtoto wa mvuvi wa Nungwi, na hapo ndipo tulipojua tulikuwa tunacheza na nahodha. Kisahani ukikirusha kuelekea upepo kinapanda na kupinduka, na upepo ukiwa mgongoni kwako unakibana chini kabla ya wakati, kwa hivyo kila kitu kinategemea kuujua upepo kabla haujakiachia. Dereva anajua hayo kwa vitabu. Mama alishika ncha ya khanga, akaiachia ipepee, akasema huu ni kusi. Tukacheka, tukidhani anatania. Lakini kweli upepo wa Kansas wakati wa kiangazi aghalabu unatoka kusini, mwezi ule ule ambao kusi inavuma kwetu, na Mama alikuwa ameshajua kaskazini iko wapi tangu alipouliza kibla. (Kwetu Unguja kibla ni kama kaskazini moja kwa moja. Huku ni kaskazini mashariki, na lilimchukua wiki nzima kuliamini.) "Subiri," alikuwa akimwambia mwanawe kila kapu. "Subiri. Haya, sasa." Makapu ya mwisho Dereva alirusha vizuri kuliko safari nzima, na akaona haya kidogo.

Asubuhi ya pili ilikuwa siku ya deni. Maharusi walikwenda Jones Park baada ya Alfajiri, jua linachomoza saa kumi na mbili, hapakuwa na mtu. Visahani viwili vilipotea, kimoja kilichukuliwa na upepo kama karatasi. Walirudi wamechoka, wana njaa, wanagombana kwa vicheko juu ya nani alihesabu vibaya. Dereva alisema kiwanja kile kilikuwa kama alivyokiota. Hakusema zaidi, na hatukumwuliza.

Asubuhi ya tatu, ya mwisho kabla ya kurudi, ilikuwa nayo ya deni. Dereva alikuwa na kiwanja kingine tayari kwenye simu, nusu saa kwa gari, nyota nyingi. Tulikuwa tunafungasha chai yao wakati bibi harusi alipomnyang'anya mumewe ile simu na kuigeuza uso chini mezani. Akasema anataka kurudi Peter Pan Park, na anataka twende wote.

Mama alikuwa anavaa viatu tayari, kabla hata hatujamaliza kuzungumza. Tulicheza makapu yote 18, kwa saa tatu, na benchi lile lile tulikaa tena kwa chai. Tulipofika garini Mama alipanda kiti cha mbele, akafunga mkanda, akaweka kopo lake la buluu miguuni.

"Basi," akasema, "limebaki deni la siku moja."

Amerudi Unguja tangu Julai. Kila akipiga simu Ijumaa analitaja.